Simu Kwenye Skrini ya Gari: Tuuiteje Mfumo Huu?

Muuza magari akikuambia "hii ina Android", usitoe pesa bado. Jina hilo moja limebeba vitu vitatu, na wanunuzi wengi hugundua tofauti zake wakati gari limekwisha fika nyumbani.

Cha kwanza ni redio ya Android, ile skrini pana kutoka China ambayo fundi huifunga mahali pa redio ya zamani. Ina kichakataji chake, kumbukumbu yake na programu zake. Kwa kweli ni tableti iliyopachikwa kwenye dashibodi. Cha pili ni Android Automotive, mfumo endeshi unaowekwa garini kiwandani. Polestar 2, iliyoingia sokoni mwaka 2020, ndiyo iliyotangulia kuuzwa ikiwa na mfumo huo pamoja na huduma za Google. Cha tatu ni Android Auto, na mwenzake wa Apple, CarPlay. Hiki cha tatu ndicho kinachotafutiwa jina.

Hapa gari halifikiri chochote. Simu ndiyo inayotafuta njia, kucheza muziki na kusoma ujumbe. Huchora picha na kuipeleka kwenye skrini ya gari kama video, kwa waya wa USB au kwa Wi-Fi. Gari nalo huirudishia simu mguso wa kidole na sauti ya dereva. Bando linaloliwa ni la simu. Ukichomoa waya, ramani inaondoka pamoja na simu.

Kiingereza huuita mpango huu "smartphone integration", na ukifuata kamusi utapata ujumuishaji wa simujanja. Silipendi jina hilo. Kilichojumuishwa huwa sehemu ya jumla, na simu kamwe haiwi sehemu ya gari. Uunganishaji nao ni mpana mno: Bluetooth ilikuwa ikiunganisha simu na redio miaka mingi kabla ya haya, na hakuna aliyeona ramani kwa sababu hiyo. Uakisi wa skrini ungefaa kama gari lingeonyesha kilekile kilichomo kwenye simu. Lakini CarPlay huchora sura nyingine kabisa, yenye alama kubwa na programu chache zilizoruhusiwa kwa anayeendesha.

Napendekeza uambatishaji wa simu. Kitenzi tunacho tayari, kwani kila siku tunaambatisha faili kwenye barua pepe, na kila mtu anajua kwamba kiambatisho kinabaki kitu cha peke yake kinachoweza kutolewa. Basi tuseme "gari hili linakubali uambatishaji wa simu" au "ambatisha simu yako tuone". Fundi wa mtaani ataendelea kusema CarPlay, na ana haki. Jina la bidhaa halitafsiriwi. Istilahi inahitajika pale tunapozitaja zote kwa pamoja.

Magari gani basi yanaukubali uambatishaji huu? CarPlay ilizinduliwa Geneva Machi 2014, pamoja na Ferrari, Mercedes-Benz na Volvo. Android Auto iliingia barabarani mwaka uliofuata ndani ya Hyundai Sonata. Toyota, gari la wengi wetu, ilijivuta: ilitangaza CarPlay Januari 2018 kwa ajili ya Avalon ya 2019, na Android Auto ikafuata baadaye. BMW kwa muda iliwatoza wateja wa Marekani dola 80 kwa mwaka kwa ajili ya CarPlay, ikaacha mwishoni mwa 2019. General Motors ilitangaza mwaka 2023 kwamba itaiondoa mifumo yote miwili katika magari yake mapya ya umeme. Si ajabu: mwenye skrini ndiye mwenye taarifa za dereva, na taarifa hizo zina bei.

Kwetu hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa magari mengi huja yakiwa yametumika Japani. Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka 8, na hata yanayoruhusiwa huwa na ramani ya Japani, maandishi ya Kijapani na redio ya FM ambayo kwa kawaida huanzia megahezi 76 na kuishia 90 au 95, huku stesheni zetu nyingi zikiwa juu ya hapo. Ndiyo maana watu huing'oa redio nzima. Zipo za Pioneer, Kenwood na Sony zenye CarPlay na Android Auto, na zinaingia hata katika Toyota ya zamani mradi nafasi ya dashibodi itoshe. Mazda nyingi zenye mfumo wa Mazda Connect hazihitaji kung'olewa. Hubadilishiwa kituo cha USB na programu. Kwa hiyo uambatishaji ni uwezo wa redio zaidi kuliko wa gari, na orodha za "magari yanayokubali" zisikukatishe tamaa.

Unapokwenda kununua, usiulize kama kuna Android. Chukua waya unaopitisha data, maana nyaya nyingi za bei rahisi huchaji tu, kisha ambatisha simu yako mwenyewe mbele ya muuzaji. Ramani ya simu isipotokea kwenye skrini, usilipie mfumo huo hata senti.