Umri wa kununua sigara: kwa nini 21 na si 18?

Jioni moja nikiwa dukani mtaani kwetu hapa Mombasa, alikuja kijana aliyevaa sare za shule. Aliweka sarafu, akapewa sigara moja, akaenda zake. Nilipomwuliza mwenye duka mbona hakumwuliza umri, alinijibu, "Ametumwa huyo." Jibu hilo lilinichoma, kwani zamani nilipokuwa nikivuta, hata mimi nilikuwa nikimtuma mwanangu.

Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Inakataza pia kuuza sigara moja moja. Nchi nyingine zimepandisha umri huo hadi 21. Je, inasaidia?

Mfano unaotajwa sana ni wa Needham, mji mdogo karibu na Boston, Marekani. Mwaka 2005 mji huo ulipandisha umri kutoka 18 hadi 21, na miji jirani ikabaki na 18. Kati ya 2006 na 2010, wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakivuta sigara Needham walipungua kutoka asilimia 13 hadi 7. Katika miji jirani walipungua pia, lakini kutoka asilimia 15 hadi 12 tu. Mji mmoja hauwezi kuthibitisha kila jambo, ila tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Desemba 2019 Marekani nzima ikafuata umri wa 21. Jirani zetu Uganda walikuwa wameshauweka katika sheria yao ya mwaka 2015.

Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Mtoto wa miaka 15 mara nyingi hapati sigara kwa mgeni, huipata kwa rafiki. Kijana wa miaka 18 huenda bado yuko naye shuleni, wanacheza mpira pamoja na kukaa maskani moja. Wa miaka 21 ameshaondoka shule, ana shughuli zake. Kwa hivyo sheria hiyo hailengi sana kijana wa miaka 19 au 20. Inamkinga mdogo wake, katika umri ambao wengi huonja sigara mara ya kwanza, na nikotini ikishamshika mtu mapema, kuacha huwa kazi kubwa.

Hata hivyo, tukiandika 21 na dukani hakuna anayeuliza, tutakuwa tumebadilisha tarakimu tu. Kwetu sigara moja moja ndiyo mlango wenyewe, maana mtoto hawezi kumudu pakiti, lakini sarafu ya sigara moja haimshindi.

Kabla ya kungojea Bunge, basi, tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Mwenye duka, uliza umri, na usifungue pakiti. Nawe mzazi mwenzangu, ukitaka sigara yako, nyanyuka ukanunue mwenyewe. Mimi nilichelewa kulijua hilo.