Gari la barabarani likienda uwanjani: somo kutoka Langa Langa na Safari Rally

Haya wadau, leo naweka pembeni habari za foleni ya kantini na za mhadhiri anayetoa jaribio Ijumaa jioni. Leo ni historia. Na kabla hujafunga ukurasa, ni historia ya magari.

Sababu ni hii. Mshkaji ninayekaa naye chumba kimoja (wengi mnamjua, ndiye anayewasha muziki saa kumi na moja alfajiri) mwezi ujao anakwenda Nairobi na binamu zake kwenye siku ya uwanjani. Kwa wasiojua, hayo si mashindano. Njia inafungwa: hakuna bodaboda, hakuna ng'ombe, hakuna trafiki. Unalipa kiingilio, gari linakaguliwa, unavaa helmeti, halafu unaendesha gari lako mwenyewe, lile lile la kwendea sokoni, kwa kasi unayoimudu. Kombe hakuna. Gari lenyewe ni Altezza ya kaka yake anayeishi Arusha. Mpaka sasa limebadilishwa ekzosi (mtaa mzima una habari), limekatwa springi likalala chini, na limevishwa rimu za inchi 18. Juzi kaniuliza, "Mwanahistoria, kabla sijaenda niongeze nini?"

Mimi spana sijui kuishika. Lakini hilo swali watu walishajiuliza kabla babu zetu hawajaona gari, na majibu yao yameandikwa. Twende taratibu.

Kwanza, kwa nini kuna viwanja vya magari? Mwanzoni watu walishindana kwenye barabara za kawaida, mji hadi mji. Mei 1903 yakaandaliwa mashindano ya kutoka Paris hadi Madrid. Zaidi ya magari na pikipiki 200 ziliondoka Versailles usiku, huku watu wamejipanga pembeni ya barabara bila kizuizi chochote. Vumbi likawa kubwa hata dereva wa nyuma haoni wa mbele. Wakafa madereva na watazamaji, akiwemo Marcel Renault, mmoja wa ndugu walioanzisha kampuni ya Renault. Serikali ya Ufaransa ikayasimamisha mashindano Bordeaux, na magari yakakokotwa na farasi hadi stesheni ya treni. Madrid hakufika mtu.

Uingereza nako sheria ya 1903 ikaweka mwendo wa juu barabarani kuwa maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Ukitaka kujua gari lako linaweza nini, ulikuwa huna pa kwenda. Ndipo tajiri mmoja, Hugh Locke King, akajenga kwenye shamba lake uwanja wa Brooklands uliofunguliwa 1907, njia ya zege yenye kona zilizoinuliwa, uwanja wa kwanza duniani uliojengwa kwa ajili ya mbio za magari. Ujerumani wakafuata na Nürburgring mwaka 1927, na huko tangu mwanzo mtu wa kawaida aliruhusiwa kulipa na kuingia na gari lake. Mpaka leo wanaingia. Kwa hiyo siku ya uwanjani anayoiendea mshkaji haikuanza kama starehe. Ilianza baada ya watu kuzikwa. Wale wanaoshindana usiku kwenye barabara zetu za mjini wanarudia Paris ya 1903, tofauti ni kwamba wana taa nzuri zaidi.

Sasa tuje kwetu. Kenya ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na uwanja wa magari Langa Langa, karibu na Gilgil. Simulizi inayojulikana sana ni kwamba Eric Cecil, mpenzi wa mbio hizo, alimshawishi binamu yake Neil Vincent aje kushindana Langa Langa. Vincent akakataa. Kwake kuzunguka njia ile ile kutwa nzima kulikuwa kunachosha. Bora wapange safari ndefu, mtu aanzie nyumbani, akate sehemu ya Afrika na kurudi. Kutokana na mzaha huo wa binamu wawili ikazaliwa Coronation Safari, mashindano yaliyofanyika mwishoni mwa Mei 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Mwanahistoria hapiti hapo bila kusimama. Mei 1953 Kenya ilikuwa ndani ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakati watu wanasherehekea Malkia kwa magari, maelfu ya Waafrika walikuwa wanasakwa, wanafungwa na kuhamishwa kwa ajili ya Mau Mau. Kwenye usukani walikaa walowezi na baadhi ya Wahindi; Mwafrika alikuwa pembeni ya barabara akila vumbi, au chini ya gari akishika spana. Tusisimulie Safari kama vile ilikuwa pikiniki ya wote.

Ila kuna jambo moja la mashindano hayo ambalo limenikaa kichwani tangu nilisome. Magari ya 1953 yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa dukani, na yaligawanywa madaraja kwa bei yake. Hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini, bali kwa bei! Maana yake swali halikuwa nani ana injini kubwa. Swali lilikuwa: gari hili analonunua mtu wa kawaida litarudi salama? Waliopata adhabu chache kuliko wote walikuwa Alan Dix na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen, kile "kikobe" mnachokijua. Mwaka 1954 wakashinda Vic Preston na D.P. Marwaha, tena kwa Volkswagen, gari lenye nguvu za farasi 30 na kitu. Altezza ya mshkaji, kama ni ile ya gia za mkono ya Japani, inafika 210. Zidisha mwenyewe.

Baadaye sheria zililegezwa na viwanda vikaja na magari yaliyoandaliwa maalumu. Lakini somo halikubadilika, na mwaka wa kulithibitisha ni 1963. Safari ilikuwa inakimbizwa Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika. Mwaka huo yaliondoka magari 84. Mvua ikashuka, barabara zikageuka uji. Yaliyomaliza ni 7. Saba! Likaongoza Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff, gari ambalo wazazi wetu walilijua kama gari la abiria. Mwaka 1968 mambo yakajirudia: wakamaliza 7 tena, akashinda Nowicki yule yule na 404.

Katikati hapo Tanzania nasi tumo. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, kwa 404 hiyo hiyo. Mara mbili mfululizo, dereva wa Dar! Sijui kwa nini kwenye vijiwe vyetu vya magari jina lake halitajwi. Njia zilipita hata milima ya Usambara, na aliyepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto wakati wa mvua atanielewa.

Lakini ninayemtaka mshkaji amsome vizuri ni Joginder Singh, yule waliyemwita Simba wa Kenya. Alizaliwa Kericho 1932, akafundishwa ufundi kwenye gereji ya baba yake. Aliwahi kufanya kazi ya doria kwenye chama cha magari cha Afrika Mashariki, yaani kazi ya kufufua magari yaliyozima njiani. Hebu fikiria hiyo shule: kila siku unakutana na gari lililokufa na kazi yako ni kujua limeuawa na nini. Mwaka 1964 Volvo walileta magari ya PV544 kwenye Safari na mambo yakawaendea vibaya. Joginder akachukua moja la yale yaliyotumika, akalitengeneza, na 1965 akaingia nalo pamoja na mdogo wake Jaswant. Wakashinda kwa tofauti ya saa 1 na dakika 40. Gari lililowashinda waliolileta likawa bingwa mikononi mwa fundi. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Na madereva wakubwa wa ng'ambo walikuja miaka nenda rudi wakirudi mikono mitupu, mpaka Hannu Mikkola alipowafungulia mlango 1972 na Ford Escort.

Wenyeji walikuwa wanajua nini? Walijua kitakachovunjika, wakakishughulikia kabla hakijavunjika. Basi.

Haya, nirudi kwa Altezza. Uwanja hauna matope ya Usambara, ila una adui wake, naye ni joto. Wenye fizikia mnajua: kasi ikiongezeka mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Kusimamisha gari kutoka 120 kunazipa breki joto mara nne ya kulisimamisha kutoka 60. Barabarani unafanya hivyo mara moja, breki zinapumzika. Uwanjani unafanya kila kona, mzunguko kwa mzunguko.

Sasa oili ya breki ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Ikichemka inatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na wewe unakanyaga pedali inakwenda mpaka chini bila kitu. Nimemuuliza mshkaji oili ya breki ya gari hilo ilibadilishwa lini. Akacheka. Kaka yake naye, kwenye simu, akacheka.

Kwa hiyo orodha yangu, baada ya kusoma na kumsumbua fundi mmoja mtu mzima hapa nje ya chuo, ni hii. Oili ya breki mpya na pedi mpya, kabla ya kitu kingine chochote. Tairi: soma tarakimu nne za mwisho pembeni, mbili ni wiki na mbili ni mwaka wa kutengenezwa, tairi zee lina kashata nzuri na mpira uliokufa. Springi zilizokatwa zitolewe, zirudi za kiwandani. "Ukikata springi," fundi alisema, "umeinyang'anya shokapu nafasi ya kufanya kazi. Kona ikiwa na bonde, gari linaruka." Oili ya injini ijae hadi alama ya juu, maana kwenye kona ndefu inakimbilia upande mmoja. Rejeta na mipira yake ikaguliwe. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo, na zikaguliwe tena baada ya mizunguko ya kwanza. Ndani ya gari kusibaki kitu kinachotembea. Chupa moja ya maji ikiingia chini ya pedali ya breki inatosha kukuua. Mzunguko wa mwisho uende polepole breki zipoe, na ukiegesha usivute hendibreki breki zikiwa za moto.

Kwenye orodha yote hiyo hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye picha. Hakuna kinachotoa sauti. Ndiyo maana watu hawakinunui.

Mshkaji alinijibu kwamba natia chumvi, anakwenda kujifurahisha tu, si Safari Rally. Nikamwambia aliyoniambia mwenyewe, kwamba Jumatatu baada ya siku hiyo gari hilo linatakiwa Arusha kumpeleka mama yao kliniki ya presha, kama kila mwezi. Hapo akanyamaza. Kumbe naye yuko Coronation Safari ya 1953: gari la nyumbani, linatoka, na ushindi wake ni kurudi.

Safari Rally yenyewe ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 na kituo chake Naivasha, na magari ya sasa hayafanani kabisa na kile kikobe. Ila hata hao, kabla ya kuondoka, fundi anapita na spana kukaza nati.

Tangazo fupi kwa wadau: kuna rimu nne za inchi 18, hazina mkwaruzo, zinauzwa. Bei maelewano, muulizeni mshkaji mwenyewe. Hela inakwenda kwenye pedi.