Mbona Hatuchangi Kodi?

Nikihesabu makundi ya WhatsApp niliyowahi kuongezwa bila kuulizwa, ya mazishi yanaongoza, kisha bili za hospitali, kisha harusi. Bado sijaongezwa kwa kundi la kumsaidia mtu asifungiwe nyumba. Ukifa, utachangiwa. Ukidaiwa kodi, utajijua.

Hiyo ndiyo ilinifanya nitafute historia ya pesa za hisani na wapangaji. Ilinipeleka London, mwaka 1862. George Peabody, tajiri Mmarekani aliyekuwa na biashara ya benki huko, alitoa pauni 150,000 kwa ajili ya maskini wa jiji, na baadaye akaongeza hadi jumla ikafika pauni 500,000. Wadhamini wake waliamua kujenga nyumba za kupangisha. Jengo la kwanza lilifunguliwa Spitalfields mwaka 1864.

Zilikuwa nyumba za maana kuliko vyumba vya giza vya mtaani. Lakini masharti yalikuwa makali: kodi inalipwa kila wiki, tena mapema, na deni hakuna. Fundi mwenye mshahara wa uhakika aliingia. Mtu wa kibarua, aliyeamka bila kujua kama bandarini leo kuna kazi, alibaki nje. Pesa ilijenga nyumba, ila haikumshika mkono aliyeteleza wiki moja.

Huyo wa kuteleza alipata kinga kwa njia nyingine. Mwaka 1915, wakati wa vita, wenye nyumba wa Glasgow walipandisha kodi. Wanawake, Mary Barbour akiwa mmoja wa viongozi wao, waligoma kulipa nyongeza na kuwazuia maafisa waliokuja kufukuza watu. Kabla ya mwaka kuisha, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kudhibiti kodi.

Sheria za aina hiyo zilifika kwetu na ukoloni. Ile ya Kenya ya 1959 haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji anayelindwa bila amri ya baraza la kodi. Kwa mpangaji kama huyo, kufuli ya keyateka mlangoni haina nguvu ya sheria. Shida ni kwamba inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hebu tafuta bedsita ya bei hiyo Nairobi. Zilizobaki chini ya kiwango hicho ni vyumba vya mabati, na huko wengi hufukuzwa bila hata kusikia kwamba kuna baraza.

Ndiyo maana watu wa mitaa ya mabanda walijipanga wenyewe. Mwaka 1990 tingatinga zilibomoa Muoroto. Mwaka 1996, baada ya bomoabomoa nyingi, kukazaliwa Muungano wa Wanavijiji. Mawakili wa msaada wa bure waliwasimamia kortini. Baadaye vikundi vikaanza kuweka akiba, shilingi kidogo kidogo, na mfuko wao, Akiba Mashinani Trust, ukaunganisha akiba hizo na pesa za wafadhili ili watu wakope. Hapo ndipo naona tofauti na Peabody. Majirani wanaoweka pamoja wanajua nani ni mjanja na nani amekosa kazi ya mjengo tu mwezi huu.

Korona ilipokuja mwaka 2020, mashirika kama GiveDirectly yalituma pesa moja kwa moja kwenye simu za familia za mitaa hiyo. Hakuna jengo lililozinduliwa wala utepe kukatwa. Mwenye simu aliamua mwenyewe kama ni unga au ni kodi.

Mpangaji aliyekwama mara nyingi anahitaji mwezi mmoja tu. Akishafukuzwa, hesabu inabadilika: depo mpya, mkokoteni wa vitu, pengine shule mpya ya watoto. Pesa ileile ikija wiki mbili baadaye haitoshi tena.

Kiwango cha 2,500 ni kazi ya Bunge, na tuwasumbue wabunge wetu. Lakini chama chako tayari kina mfuko wa msiba. Mkutano ujao, pendekeza mfuko wa kodi: mwezi mmoja, bila riba, na jina la aliyekopa lisitangazwe kwa kundi. Aibu ndiyo hufanya mtu anyamaze mpaka siku ya kufuli.