Nani Mwandishi wa Desturi za Waswahili? Mtoro bin Mwinyi Bakari, Carl Velten na Suala la Umiliki wa Matini

Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Kiswahili chenye anwani Desturi za Wasuaheli. Tafsiri yake ya Kijerumani ilitolewa mwaka huo huo. Kwenye ukurasa wa anwani lilikuwapo jina la Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni katika Afrika Mashariki ya Kijerumani na ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Velten hakudai kuwa ndiye aliyekitunga kitabu hicho. Alijiita mkusanyaji na mhariri. Hata hivyo, ukurasa wa anwani una nguvu kuliko dibaji. Kwa muda wa miaka themanini hivi, wataalamu wengi waliodondoa kitabu hicho walimdondoa Velten, na wasomi wa Bagamoyo waliotoa maelezo yenyewe wakabaki katika kundi lisilo na sura, yaani 'wenyeji'.

Mkuu miongoni mwa wenyeji hao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, akapata elimu ya Kiislamu, na mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ile ile ya Velten. Kwa hiyo hakuwa msimulizi wa kijijini aliyekutwa barazani akaulizwa maswali kisha akaachwa hapo hapo. Alikuwa mwalimu mwenye kalamu yake, aliyefanya kazi chini ya paa moja na mhariri wake, ingawa si kwa cheo kimoja. Mwaka 1904 alioa mwanamke Mjerumani. Alipojaribu kurudi nyumbani pamoja naye mwaka 1905, serikali ya kikoloni iliwazuia kushuka, wakalazimika kurejea Ujerumani. Baadaye alifanya kazi na Carl Meinhof mjini Hamburg, na akafariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeueleza ulimwengu wa Kijerumani jinsi Waswahili wanavyooa alizuiwa kuingia kwao kwa sababu ya ndoa yake mwenyewe. Kejeli hii haihitaji mhakiki wa kuifafanua.

Suala la uandishi wa Desturi haliwezi kutenganishwa na kitabu kilichokitangulia. Mwaka 1901 Velten alikuwa ametoa Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa masimulizi ya safari za bara na za ng'ambo. Humo kila simulizi lina mwenyewe. Safari ya Urusi na Siberia ni ya Selim bin Abakari. Safari ya Udoe na Uzigua ni ya Mtoro. Aghalabu anwani za masimulizi hayo zina kimilikishi '-angu': ni safari yangu, si safari ya Mswahili yeyote. Msimulizi anakwenda, anaogopa, anashangaa, anahukumu. Hata pale Mtoro anapoeleza mila za Wadoe, anaeleza kama mgeni aliyefika huko akaona na kusikia.

Katika Desturi nafsi ya kwanza inafifia. Sura zinafuata maisha ya binadamu tangu mimba hadi maziko, kisha zinagusa biashara, ngoma, uganga, utumwa na sheria, na hazikugawanywa kwa majina ya waliozitunga. Kitenzi kinachotawala ni cha mazoea, chenye kiambishi 'hu-': mtu akitaka kuoa hufanya hivi, mtoto akizaliwa hufanyiwa vile. Kiambishi hiki hakina nafsi wala wakati. Kwa mwanaisimu hilo ni jambo la kawaida la sarufi, lakini kwa mhakiki wa fasihi ndilo linalomwondoa mwandishi katika matini yake. Anayesema 'nilikwenda' hana budi kuwa mtu fulani, ilhali anayesema 'huenda' aweza kuwa jamii nzima. Velten alihitaji jamii nzima. Mpangilio wa sura unaonyesha mkono wa mtu anayeuliza maswali ya kietnografia, na majibu ya maswali hayo yalitarajiwa kuwa kanuni, si kumbukumbu za mtu mmoja.

Isidhaniwe kwamba Waswahili wenyewe hawakuwa na dhana ya mtunzi. Ushairi wa pwani unathibitisha kinyume chake. Katika utendi wa Mwana Kupona, beti za mwisho zinataja jina la mtunzi, mahali alikozaliwa na mwaka wa utungo, ambao ni 1275 Hijria, yaani karibu 1858 Miladia. Hiyo ni sahihi kamili iliyofungwa ndani ya vina, na mnakili akiifuta atauvunja utendi. Nathari haikuwa na kinga ya namna hiyo. Jina la mwandishi wa nathari lilikuwa nje ya matini, na kilicho nje huondolewa kwa urahisi na mchapishaji. (Shairi fupi nalo halikusalimika sikuzote. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, zikachapishwa Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Ni wanafunzi wangapi wanaomtaja Sikujua wanapomdondoa Muyaka?)

Historia ya jina la Mtoro inaweza kusomwa katika anwani za vitabu vitatu. Mwaka 1965 Lyndon Harries alitoa Swahili Prose Texts, na anwani ndogo ikasema kuwa hayo ni mateule ya matini zilizokusanywa na Carl Velten kati ya 1893 na 1896. Mkusanyaji ndiye aliyefika kwenye jalada. Mwaka 1981 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, The Customs of the Swahili People, ambayo anwani yake ndogo inaziita Desturi kuwa za Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Hatimaye, mwaka 2009, Ludger Wimmelbücker alichapisha Dar es Salaam wasifu unaomwita Mtoro mhadhiri na mwandishi. Matini ni zile zile, ila mwenyewe amebadilika.

Mabadiliko hayo hayakuwafikia wanataaluma wote kwa namna moja, na sababu yake si uzembe tu. Kila taaluma hukiendea kitabu hiki kwa haja yake. Mwanaisimu hutafuta sentensi ya Kiswahili cha mrima cha mwisho wa karne ya kumi na tisa; akishapata ukurasa na mwaka wa chapa, ametosheka. Mwanaanthropolojia hutafuta desturi, na desturi kwa mujibu wa taaluma yake ya zamani ilikuwa mali ya kabila, si ya mtu. Mwanahistoria ana haja ya shahidi, hivyo anapaswa kuuliza shahidi huyu alikuwa nani, alikuwa muungwana au mtumwa, mwenyeji au mgeni, na alikuwa na maslahi gani katika habari anazozitoa. Maelezo ya utumwa yaliyomo katika Desturi hayawezi kupimwa bila swali hilo. Ni ajabu basi kwamba wahakiki wa fasihi, ambao dhana ya mtunzi ni riziki yao, walichelewa kulidai jina hili. Huenda sababu ni kwamba nathari isiyo ya kubuni haikuhesabiwa kuwa fasihi, na riwaya ikawa ndiyo kipimo cha mwanzo wa nathari ya Kiswahili.

Yafaa pia kujihadhari na kosa la upande wa pili. Kuliondoa jina la Velten na kuliweka la Mtoro peke yake ni kuwafuta kwa mara ya pili wale wengine ambao Allen aliwaachia nafasi kwa maneno 'na Waswahili wengine'. Tena ni kusahau kwamba maswali, mpangilio na hati ya Kirumi vilipita mikononi mwa mhariri. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa hali hii: mtunzi, msimulizi, mwandishi, mnakili, mkusanyaji, mhariri, mfasiri. Kanuni za marejeleo zinazotumika vyuoni zina nafasi moja tu ya mbele, na atakayewekwa hapo ndiye atakayekumbukwa. Mwanafunzi anayeandika 'Velten, 1903' hajakosea kwa mujibu wa ukurasa wa anwani. Anayeandika 'Mtoro bin Mwinyi Bakari na wengine, katika Velten, 1903' anatumia maneno machache zaidi na kumpeleka msomaji Bagamoyo kabla ya kumfikisha Göttingen. Kazi iliyosalia ni ya ndani ya matini: kulinganisha mtindo wa safari ya Udoe, ambayo ni ya Mtoro bila shaka, na mtindo wa sura moja moja za Desturi, ili kubaini ni wapi sauti yake inaendelea na ni wapi inaanza sauti ya mtu mwingine.