Jiwe la Ivuna

Ukitamka neno "utafiti" mbele ya kijana wa Mkwajuni, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni dhahabu. Mji wetu ndio makao makuu ya Wilaya ya Songwe, na hapa jiwe hupimwa kwa kile linachotoa likishapita kwenye karasha. Ndiyo maana nikiwaambia rafiki zangu kwamba mkoa huu una jiwe linalotajwa na watafiti wa anga duniani kote, wanadhani nazungumzia Kimondo cha Mbozi. Hicho kila mtu anakijua: pande la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani kumi, lililolala pale Ndolezi, na watu hupiga nalo picha. Mimi nazungumzia jiwe jingine, ambalo lingeingia kwenye mfuko wa koti.

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka karibu na Ivuna, ng'ambo ya bonde la Ziwa Rukwa, katika Wilaya ya Momba ya leo. Kabla ya hapo Ivuna ilijulikana kwa chumvi, iliyokuwa ikitengenezwa huko kwa karne nyingi. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705 tu. Ni jiwe jeusi, laini, rahisi kumomonyoka, na Desemba kwetu ni msimu wa mvua. Lingekaa nje wiki chache lingekuwa tope, na hadithi ingeishia hapo.

Halikukaa. Walipolichunguza, wataalamu waliona kwamba viambato vyake vinakaribiana sana na vya jua lenyewe, ukiondoa gesi nyepesi kama hidrojeni na heliamu. Maana yake, jiwe hili ni sehemu ya malighafi iliyounda sayari zote, na halijawahi kuyeyushwa kwa miaka zaidi ya bilioni nne. Vimondo vya aina hiyo vilivyoonekana vikianguka ni vichache mno. Kwa miaka mingi vilihesabika vitano tu, cha kwanza kikiwa kile cha Alais, Ufaransa, mwaka 1806. Kundi zima likaitwa CI, na hiyo herufi I inasimama badala ya Ivuna. Mwanafunzi wa jiolojia wa Tokyo au Houston huandika jina la kijiji chetu kwenye mtihani, pengine bila kujua kwamba ni kijiji.

Sasa nije kwa Wajapani. Desemba 2014 walirusha chombo cha Hayabusa2 kwenda Ryugu, sayari ndogo yenye upana wa chini ya kilomita moja. Kilifika 2018, kikachota udongo, na tarehe 6 Desemba 2020 kasha lake likatua jangwani Australia likiwa na gramu 5.4. Safari ya miaka sita kwa mzigo usiofika kijiko cha sukari! Nilipousoma utafiti uliochapishwa 2022 nilisimama kidogo: udongo wa Ryugu unafanana na jiwe la Ivuna kuliko na aina nyingine yoyote ya kimondo. Tofauti moja iliyoonekana ni kwamba letu, baada ya miaka mingi duniani, lilikuwa limekwisha kunyonya unyevu wa hewa yetu. Kwa hiyo safari haikuwa ya bure.

Na ile heliamu iliyokosekana kwenye jiwe? Iko chini ya ardhi ya bonde hilohilo. Mwaka 2016, mwaka ambao Mkoa wa Songwe ulizaliwa, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kuwa bonde la Rukwa lina hazina kubwa ya gesi hiyo. Roketi, ziwe za serikali au za matajiri wa sasa wanaofanya biashara ya anga, huitumia kusukuma mafuta kutoka kwenye matangi, kwa sababu haishiki moto na hubaki gesi hata kwenye baridi kali kupita kiasi. Ikivuja, safari huharibika. Wanaanga wawili wa Marekani walijua hilo 2024, chombo chao cha Starliner kilipovuja heliamu na hatimaye kurudi bila wao.

Nafurahia haya yote, lakini kwa jicho la mtu wa Mkwajuni. Mgodi wa Saza ulichimbwa enzi ya mkoloni, dhahabu ikaondoka, tukabakiziwa mashimo. Safari hii sheria ya 2017 inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye mgodi mkubwa, na vijana wa huku wanapaswa kudai kujifunza kuipima na kuisafisha gesi hiyo, si kulinda geti tu.

Mimi ningeomba na jambo moja la ziada. Kipande kikubwa cha jiwe la Ivuna kimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho London. Kirudi kijipande, hata gramu tano, kiwekwe Ndolezi kando ya lile pande la chuma. Wajapani waliridhika na gramu 5.4.