Takrima: Mpaka kati ya ukarimu na rushwa wakati wa kuomba kura

MGOMBEA anayepita nyumba kwa nyumba, akabisha hodi, akasalimiana na wenyeji na kunadi sera zake, hatendi kosa lolote chini ya sheria za Tanzania. Utata huanza pale mkono wa salamu unapobeba kitu: khanga, kilo ya sukari au noti iliyokunjwa.

Swali hilo liliwahi kuigawa nchi. Mwaka 2000, Bunge liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 na kuongeza katika kifungu cha 119 masharti yaliyokuja kujulikana kama takrima, yaani ukarimu kwa mgeni. Kwa mujibu wa masharti hayo, kitu kilichotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, hakikuhesabiwa kuwa rushwa. Sheria haikutaja kiwango. Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2000 na ule wa mwaka 2005 ulifanyika chini ya utaratibu huo.

Waliotetea takrima walisema mila za Kiafrika haziruhusu kumwita mtu mkutanoni na kumwacha aondoke na njaa. Waliopinga walihoji ni ukarimu gani unaomfikia jirani mara moja tu katika miaka mitano.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika ya LEAT na NOLA yalifungua shauri Mahakama Kuu. Aprili 2006, majaji watatu walitamka kuwa masharti hayo yanakiuka Katiba. Mahakama iliona yanambagua mgombea mwenye kipato kidogo mbele ya mwenye fedha, na kwamba yanaathiri haki ya mwananchi ya kuchagua kwa uhuru.

Mwaka 2010 ilipitishwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayodhibiti matumizi ya fedha na kukataza zawadi zenye lengo la kushawishi wapiga kura. Sheria hiyo inagusa pia kura za maoni ndani ya vyama, ambako wapiga kura ni wachache na mgombea anaweza kumfikia kila mmoja wao.

Kwa mwananchi, jambo la kuzingatia ni kwamba kosa la rushwa humhusu anayetoa na anayepokea. Mgombea akibisha hodi, kumkaribisha na kumuuliza maswali ni haki ya mwenye nyumba. Kupokea bahasha si sehemu ya haki hiyo.