Uwiano wa Mapigo Salama: Kwa Nini "Wastani wa Kupiga" Hautoshi

Katika majedwali ya besiboli ya Marekani, kila jina la mpigaji hufuatwa na nukta na tarakimu tatu: .267, .300, .341. Kwa zaidi ya karne moja tarakimu hizo ndizo zilizoamua nani aitwe bingwa wa wapigaji wa msimu. Kiingereza huziita batting average, na mfasiri mwenye haraka huandika "wastani wa kupiga" kisha akaendelea na kazi nyingine. Kila neno limehamishwa, ila maana imebaki ng'ambo. Kipimo hiki si wastani kwa namna ambayo msomaji wa Kiswahili analielewa neno hilo, na wala hakipimi kupiga kwa jumla. Ni uwiano, na kinachohesabiwa ni aina moja tu ya pigo. Ndiyo maana nashikilia kwamba istilahi inayofaa ni "uwiano wa mapigo salama". Jina baya la kipimo humfanya msomaji akiamini kipimo kuliko kinavyostahili, na katika besiboli hilo limewaponza hata wenye mchezo wao.

Tuanze na hesabu yenyewe, tukimfuata mpigaji mmoja katika mchezo mmoja. Mara ya kwanza anaposimama na gongo lake, anaupiga mpira ukapita katikati ya walinzi, naye anafika besi ya kwanza kabla mpira haujarudishwa. Mara ya pili anaupiga ukabingirika chini, mlinzi anauokota na kuurusha besi ya kwanza, mpigaji ametolewa. Mara ya tatu mrushaji anakosa shabaha mara nne, na kwa kanuni mpigaji anapewa besi bila kupiga chochote. Mara ya nne anaupiga juu na mbali, mlinzi wa nyuma anaudaka, lakini mwenzake aliyekuwa besi ya tatu anapata nafasi ya kukimbia hadi nyumbani na mkimbio unahesabiwa. Mara ya tano anaupiga mpira mwepesi, mlinzi anaushika kisha unamponyoka, na mpigaji anafika besi. Amesimama mara tano, amefika besi mara tatu, ameuchapa mpira mara nne, na timu yake imepata mkimbio kwa jitihada zake. Jedwali litamwandikia .333, yaani pigo moja katika zamu tatu. Ile besi ya kupewa imefutwa kwenye hesabu, na pigo la kujitoa mhanga kwa ajili ya mwenzake vilevile. Zamu ambayo mlinzi alikosea imehesabiwa kuwa zamu, lakini pigo lake halikuhesabiwa kuwa pigo.

Hapo ndipo "kupiga" linapoanza kuleta shida. Kitenzi hiki kina mikono mingi kuliko karibu kitenzi kingine chochote cha Kiswahili: tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga hodi, tunapiga kura, tunapiga magoti. Ukisema "wastani wa kupiga", msomaji ana haki ya kudhani kwamba inahesabiwa kila mara gongo lilipougusa mpira. Kumbe katika mfano wetu mpira uligongwa mara nne na hesabu ikatambua pigo moja. Linalotambuliwa ni lile lililomfikisha mpigaji besi kwa nguvu ya pigo lenyewe, bila kosa la mlinzi. Hata hilo halijiamui. Kila mchezo una mwandishi rasmi anayekaa juu ya uwanja na kuamua kama mpira ulioponyoka ungeweza kudakwa kwa jitihada za kawaida. Akisema ungeweza, ni kosa la mlinzi. Akisema usingeweza, mpigaji ameongezewa pigo. Kwa hiyo nyuma ya tarakimu zinazoonekana kavu kama mizani ya dukani kuna macho na uamuzi wa binadamu. Kivumishi "salama" kinabeba sehemu kubwa ya maana hiyo: pigo ambalo mpigaji amefika nalo salama. Na muundo wake si mgeni masikioni, kwani mtangazaji wa soka husema "pigo huru" kila siku bila yeyote kuuliza uhuru huo ni wa nani.

Neno "wastani" lina hadithi ndefu zaidi, na hapa inafaa tukae kidogo. Henry Chadwick, mwandishi wa habari aliyezaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824 na kuhamia Brooklyn akiwa mtoto, aliripoti kriketi kabla ya kuwa baba wa takwimu za besiboli. Katika kriketi, wastani wa mpigaji ni wastani kweli: unachukua mikimbio yote aliyopata na kuigawa kwa idadi ya mara alizotolewa. Don Bradman wa Australia alipata mikimbio 6,996 katika mechi za kimataifa za Test na kutolewa mara 70, kwa hiyo wastani wake ni 99.94; kwa kila mara aliyotolewa, alikuwa ameleta karibu mikimbio mia. Takwimu za mwanzo za besiboli nazo zilikuwa wastani wa aina hiyo, mikimbio kwa mchezo na kutolewa kwa mchezo. Baadaye, katika miaka ya 1870, hesabu ilibadilika ikawa mapigo kwa zamu, lakini jina halikubadilika. Kiingereza kikabaki na vazi la kriketi juu ya mwili wa kitu kingine. Sisi tunaofasiri leo hatulazimiki kulivaa vazi hilo, na tuna sababu ya ziada ya kulikataa. Kriketi ni mchezo wa kwetu pia. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 ikiongozwa na Steve Tikolo, na msomaji wa kurasa za michezo anajua mikimbio ni nini na wastani wa mpigaji ni nini. Tukiipa besiboli jina lilelile, msomaji huyo ataona 99.94 upande mmoja na .344 upande wa pili, vyote vikiitwa "wastani wa kupiga", asijue kwamba analinganisha mikimbio kwa kutolewa na mapigo kwa zamu.

Wajapani waliupokea mchezo huu kutoka kwa Wamarekani katika karne ya 19 na hawakuona haja ya kuchukua jina pamoja na mchezo. Wao husema daritsu: da ni kupiga, ritsu ni kiwango cha kitu kwa kitu, uwiano. Neno la wastani halimo. Mfano huu si wa mbali kwetu kama unavyoonekana. Besiboli ya Tanzania imekua kwa msukumo mkubwa wa Wajapani, na uwanja ulio katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ulijengwa kwa msaada wao. Ikiwa kuna mahali ambapo istilahi ya Kiswahili inaweza kuzaliwa kutokana na mchezo unaochezwa badala ya kamusi iliyo wazi mezani, ni kwenye viwanja kama hivyo, ambako dhana ya uwiano tayari imefika na makocha.

Je, jina linaweza kweli kupotosha? Msimu wa 2004 unajibu. Ichiro Suzuki wa Seattle alipata mapigo salama 262 katika zamu 704, akawa bingwa wa ligi yake kwa .372. Katika ligi ya pili ya daraja hilohilo bingwa alikuwa Barry Bonds wa San Francisco, kwa mapigo 135 katika zamu 373, yaani .362. Anayesoma "wastani wa kupiga" ataona Ichiro amemzidi Bonds kwa kiasi kidogo katika kazi ya kupiga. Lakini warushaji walimwogopa Bonds kiasi kwamba alipewa besi mara 232 msimu huo, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoonekana katika .362. Ukihesabu mapigo salama, besi za kupewa na kugongwa na mpira wa mrushaji, Bonds alifika takriban mara 609 kwa kila mara 1,000 alizosimama, na Ichiro 414. Tofauti iliyokuwa unywele mmoja imegeuka kuwa bonde, na mshindi amebadilika. Kipimo cha kwanza hakikusema uongo. Kilisema mapigo salama kwa zamu, na kwa hilo Ichiro alikuwa mbele. Waliosema uongo ni wale waliolisoma jina lake kana kwamba linasema "ubora wa mpigaji". Kipimo cha kufika besi kilipata hadhi rasmi katika ligi kuu mwaka 1984 tu, na nina hakika kwamba jina pana la kipimo kikongwe lilichangia ucheleweshaji huo, kwa sababu mtu akiamini tayari anapima kupiga kote, hatafuti kipimo kingine.

Kuna ushahidi mwingine, nao ni wa kanuni. Mwaka 1887, kwa msimu mmoja tu, ligi ziliamua besi ya kupewa ihesabiwe kuwa pigo, na tarakimu za wapigaji zikapaa bila mikono yao kubadilika. Mwaka 1941 pigo la juu linalomwingiza mwenzako nyumbani lilihesabiwa kuwa zamu iliyopotea, tofauti na leo. Huo ndio mwaka wa Ted Williams wa Boston. Alipoamka siku ya mwisho ya msimu, Septemba 28, huko Philadelphia, alikuwa na mapigo 179 katika zamu 448, sawa na .39955, ambayo ikikadirishwa inaandikwa .400. Kocha wake, Joe Cronin, alikuwa tayari kumwacha akae benchi ili namba hiyo isiguswe. Williams akacheza michezo yote miwili ya siku hiyo, akapata mapigo sita katika zamu nane, akamaliza na .406. Tangu hapo, ukiacha ligi za watu weusi, hakuna mpigaji wa ligi kuu aliyemaliza msimu na .400. Ushujaa wake unaeleweka vizuri zaidi tukisema uwiano: uwiano una sehemu mbili, na kila zamu aliyokubali kuicheza ilikuwa inaongeza ile ya chini. Neno "wastani" halimfanyi msomaji aulize "kati ya ngapi?". "Uwiano" linamlazimisha. Na swali hilo lina uzito. Mwaka 2024 ligi kuu ilipoingiza takwimu za ligi za watu weusi, Josh Gibson alimpita Ty Cobb katika orodha ya maisha yote, .372 kwa .367. Zamu za Gibson zilizopatikana katika kumbukumbu ni chini ya robo ya zamu za Cobb, kwa sababu ligi kubwa zilimfungia mlango hadi akafa Januari 1947, miezi michache kabla ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi kama yeye, kuruhusiwa kuingia. Hiyo namba ya chini imebeba historia ya dhuluma, na istilahi inayotufanya tuiangalie ni istilahi ya haki.

Mtaalamu wa hisabati atapinga: ukiandika moja kwa kila pigo salama na sufuri kwa kila zamu iliyoshindikana, kisha ukatafuta wastani, utapata namba ileile. Ni kweli. Lakini kwa mantiki hiyo mgombea aliyepata kura 60 kati ya 100 ana wastani wa kura wa 0.6, na hakuna mwananchi anayezungumza hivyo. Mwingine atasema wazungumzaji wa Kihispania wanasema promedio de bateo na hawajapotea. Wao walipokea istilahi pamoja na mazoea ya kuisoma vizazi vingi; sisi bado tuko mlangoni, na kurekebisha neno sasa hakugharimu kitu. Wapo watakaopendelea "kiwango cha kupiga" kwa ufupi wake. Hapo nasita zaidi kuliko kwingine, kwa kuwa ni fupi na linatamkika. Ila "mchezaji wa kiwango" kwetu ni mchezaji bora, na jina hilo lingeirudisha palepale dhana tunayoikimbia. "Asilimia" nayo inaeleweka na kila mtu, lakini .39955 inaonyesha kwa nini wenye mchezo wanahitaji tarakimu ya tatu, na hata ya tano.

Kuhusu kusoma namba yenyewe, Kiswahili kina njia nyepesi. Wamarekani husema "mia tatu" kwa .300 bila kutaja elfu iliyofichwa. Sisi tuitaje: mia tatu kwa elfu, mia nne na sita kwa elfu. Maana inajieleza papo hapo: mapigo salama 406 kwa kila zamu 1,000. Na katika kamusi ya michezo ningependa kuona hivi: uwiano wa mapigo salama, idadi ya mapigo salama ya mpigaji ikigawanywa kwa zamu zake zinazohesabika (besi za kupewa, kugongwa na mpira wa mrushaji na mapigo ya kujitoa mhanga havimo). Mstari unaofuata uwe wa uwiano wa kufika besi, ili anayefungua ukurasa aione .372 ya Ichiro na .609 ya Bonds mahali pamoja.